Jesse Owens: Mchana alivunja rekodi za dunia, usiku aliendesha lifti alipe ada

Mashabiki waliokesha Julai 14, 2024 kuitazama Hispania ikiichapa England 2-1 kwenye fainali ya Euro waliuona vizuri uwanja wa Olimpiki wa Berlin. Ndio ule ule ambao Zinedine Zidane alimtwanga kichwa cha kifua Marco Materazzi kwenye fainali ya Kombe la Dunia 2006. Jirani na uwanja huo kuna barabara inaitwa Jesse-Owens-Allee, na wengi wakilisikia jina hilo wanakumbuka jambo moja tu: Mmarekani mweusi aliyebeba dhahabu nne mbele ya macho ya Adolf Hitler mwaka 1936.

Hadithi hiyo imesimuliwa mpaka imechakaa. Isiyosimuliwa sana ni ya mkwanja. Siku anapanda meli kwenda Berlin, Owens alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ohio State, ana mke na mtoto, na hakuwa na udhamini wa masomo kutoka chuo hicho. Binadamu mwenye kasi kuliko wote duniani alikuwa analipa ada kwa vibarua.

Mtoto wa mkulima wa shamba la mtu

Alizaliwa Septemba 12, 1913 Oakville, Alabama, kusini mwa Marekani, na akapewa jina James Cleveland. Kwao walikuwa watoto kumi, yeye kitinda mimba. Babu zake walikuwa watumwa. Baba yake, Henry, alilima shamba lisilo lake, mavuno yakija anagawana na mwenye ardhi, na mgawanyo wenyewe kila anayejua historia ya pamba kule anajua ulivyokuwa.

Akiwa na miaka tisa familia ilifungasha ikahamia Cleveland, jimbo la Ohio, kaskazini, kufuata kazi za viwandani. Shuleni mwalimu alimuuliza jina, naye kwa lafudhi yake ya kusini akajibu kwa herufi mbili za kwanza za majina yake, J.C. Mwalimu akasikia Jesse, akaandika Jesse. Basi, likabaki hilo hilo.

Kijana huyo alianza kazi mapema. Alipeleka bidhaa za dukani majumbani kwa watu, akapakia mizigo kwenye mabehewa ya treni, akafanya kazi kwa fundi viatu. Ndiyo maana hakuweza kuhudhuria mazoezi ya jioni na wenzake. Kocha wake, Charles Riley, hakumtimua. Alimpangia mazoezi ya asubuhi kabla ya kengele ya darasani, yeye na dogo huyo peke yao. Ukitafuta mtu aliyemtengeneza Jesse Owens, anza na mzee huyo aliyekubali kuamka alfajiri.

Mwaka 1933, kwenye mashindano ya taifa ya shule za sekondari pale Chicago, Owens alikimbia yadi 100 kwa sekunde 9.4 na kufikia rekodi ya dunia. Mwanafunzi wa sekondari huyo! Kuanzia hapo vyuo vikaanza kumgombea kama klabu zinavyogombea straika aliyemaliza mkataba.

Usajili usio na pesa ya usajili

Hapa ndipo shabiki wa leo anaweza kupotea, kwa hiyo ni vizuri kuelewa mambo yalivyokuwa. Mwaka 1933 Marekani ilikuwa kwenye mdororo mkubwa wa uchumi, karibu mtu mmoja kati ya wanne wenye kutafuta kazi hakuwa nayo. Hakukuwa na bodi ya mikopo wala boom la kusubiri. Mikopo ya wanafunzi ya serikali kuu ya Marekani ilikuja baadaye sana, mwaka 1958. Udhamini wa chuo kwa sababu ya kipaji cha michezo nao haukuwa halali kama ulivyo sasa. Chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kiliuruhusu rasmi mwaka 1956.

Na juu ya yote ilikuwapo sheria ya ridhaa. Mwanariadha hakutakiwa kupokea hata senti kwa sababu ya mchezo wake. Akipokea, kwisha habari yake.

Vyuo vilikuwa na njia za panya. Ripoti ya taasisi ya Carnegie ya mwaka 1929 ilikuta vyuo vingi vinawapa wachezaji pesa na kazi, hasa wa ile soka ya Kimarekani ya kubeba mpira mkononi. Kazi nyingine zilikuwa za jina tu. Riadha haikuwa inajaza majukwaa kama mchezo huo, na mwanariadha mweusi alikuwa mwisho wa foleni.

Ohio State ilimpata Owens kwa ujanja wa aina yake. Baba yake hakuwa na ajira ya kueleweka, na mtoto alikuwa na hofu kwamba akienda chuoni familia itakosa mtu wa kuleta unga nyumbani. Mzee Henry akatafutiwa kazi. Hilo ndilo lililomaliza mjadala. Kama ni dau la usajili, basi lililipwa kwa baba, na mzee alilifanyia kazi kwa jasho lake mwenyewe.

Kuna jambo jingine lililokuwa mabegani mwake. Agosti 1932, akiwa bado sekondari, alipata mtoto wa kike, Gloria, na mpenzi wake Ruth Solomon. Ruth aliacha shule, akabaki Cleveland akifanya kazi saluni. Jesse akaenda Columbus, makao makuu ya jimbo, akiwa na kichwa kinachohesabu bili mbili: ya chuo na ya nyumbani.

Lifti ya mizigo

Kibarua chake kikubwa kilikuwa kwenye jengo la Bunge la jimbo la Ohio, pale pale Columbus. Aliendesha lifti zamu ya usiku. Enzi hizo lifti haikuwa ya kubonyeza namba ukasubiri. Ilikuwa na mtu wake ndani, anafunga mlango, anavuta wenzo, anaisimamisha sawa na sakafu. Na ya Owens ilikuwa lifti ya mizigo, siyo ile ya waheshimiwa.

Kazi hiyo ilikuwa na faida moja. Usiku mizigo ni michache, kwa hiyo mwenye bidii angeweza kufungua daftari akasoma. Tatizo ni mwili. Darasani asubuhi, mazoezini mchana kwa kocha Larry Snyder, usiku lifti. Mtu hulala saa ngapi?

Na haikuwa kazi pekee. Kwa nyakati tofauti alihudumu mezani kama mhudumu wa hoteli, akajaza magari mafuta kwenye sheli, akapanga vitabu kwenye rafu za maktaba. Baadaye alipandishwa hadhi pale bungeni akawa tarishi wa wabunge. Hiyo nayo ilimponza. Mwaka 1935 wakubwa wa AAU, chama kilichosimamia riadha ya ridhaa Marekani, walihoji kwa nini alilipwa na bunge kwa siku ambazo alikuwa safarini akikimbia. Ilibidi azirudishe pesa hizo. Mtu anayeingiza watu viwanjani anahojiwa kwa posho ya utarishi!

Chuo chenyewe hakikumpa kitanda. Wanafunzi weusi hawakuruhusiwa kulala kwenye mabweni ya wanaume, kwa hiyo Owens na wenzake walipanga nje ya chuo na kujipikia. Timu ikisafiri, wazungu walikula hotelini, wao wakanunua chakula cha kubeba au wakatafuta mgahawa wa weusi. Kulala hivyo hivyo. Gharama za maisha ambazo mwenzake hakuziona, yeye alizilipa.

Masomo yaliumia. Alitoka kwenye shule iliyomfundisha zaidi ufundi wa mikono, na chuoni hakuwa na muda wa kuziba pengo. Alama zake zilishuka mpaka akawekwa chini ya uangalizi. Wapo waliosema Owens hakuwa mtu wa vitabu, lakini waliosema hivyo hawakuwa wanatoka zamu ya lifti usiku wa manane.

Dakika 45 za Ann Arbor

Mei 25, 1935, Ann Arbor, Michigan. Mashindano ya vyuo vya ukanda wa Big Ten. Siku tano kabla, Owens alikuwa akitaniana na wenzake akaanguka kwenye ngazi, mgongo ukamuuma kiasi kwamba hakuweza hata kuinama. Kocha Snyder alitaka kumtoa. Owens akaomba ajaribu mbio moja kwanza.

Akakimbia yadi 100 kwa sekunde 9.4, sawa na rekodi ya dunia. Akaenda kwenye kuruka chini, akaruka mara moja tu, mita 8.13, rekodi mpya. Rekodi hiyo ilikaa miaka 25, mpaka 1960. Kisha yadi 220 kwa sekunde 20.3, rekodi. Kisha yadi 220 za kuruka viunzi, sekunde 22.6, rekodi. Yote hayo ndani ya dakika kama 45, muda wa kipindi kimoja cha soka. Hata mashabiki wa kandanda wanaoamini hakuna mchezo mwingine duniani wanapaswa kuvua kofia hapo.

Huyo ndiye mtu aliyekuwa hana udhamini wa chuo. Mwaka huo huo, Julai, alifunga ndoa na Ruth.

Berlin na hesabu ya mlangoni

Ya Berlin yanajulikana, yapite haraka. Agosti 3, 1936 alishinda mita 100 kwa sekunde 10.3. Agosti 4 akaruka mita 8.06 na kumshinda Mjerumani Luz Long, ambaye walikuja kuwa marafiki. Agosti 5 mita 200 kwa sekunde 20.7. Agosti 9 mbio za kupokezana vijiti, sekunde 39.8, rekodi ya dunia. Viatu alivyovaa vilitoka kwa fundi wa Kijerumani, Adi Dassler, ambaye miaka kadhaa baadaye alianzisha kampuni ya adidas. Kila anayevaa njumu zenye mistari mitatu leo ana undugu wa mbali na miguu ile.

Kilichofuata ndicho kilichomtoa chuoni. Michezo haijapoa, AAU ikawatembeza wanariadha wake Ulaya kukimbia mashindano ya maonyesho. Watu walilipa kiingilio kumuona Owens. Chama kilichukua sehemu ya mapato ya mlangoni. Mkimbiaji mwenyewe aliambulia chakula, usafiri na malazi, tena ya kubahatisha. Alikimbia Cologne, akakimbia Prague, akakimbia Bochum, akafika London hoi. Wakati huo huo simu za maandishi zilikuwa zinamiminika kutoka Marekani zikimuahidi maelfu ya dola akirudi haraka.

Walipomwambia mbele kuna Sweden, aligoma. AAU ikamfungia. Adhabu hiyo ilimaanisha hakuna tena kukimbia mashindano ya ridhaa, na hivyo hakuna tena kukimbilia Ohio State, wakati alikuwa bado na msimu mmoja. Shahada alikuwa hajaimaliza.

Linganisha na straika wa leo: klabu inamuuza kiti kwa kiti, jezi kwa jezi, halafu akiuliza mgawo wake anafungiwa maisha. Owens alifanya jambo ambalo kila mchezaji mwenye akili angelifanya. Aliona wengine wanakula jasho lake akasema hapana.

New York ikampokea kwa maandamano na karatasi zikimwagwa kutoka madirishani. Baada ya hapo kulikuwa na hafla ya kumpongeza katika hoteli ya Waldorf-Astoria. Mgeni rasmi wa heshima hakuruhusiwa kupita mlango wa mbele na kupanda lifti ya wageni. Alipandishwa juu kwa lifti ya mizigo. Lifti za aina hiyo alizijua vizuri.

Ahadi zinayeyuka

Zile simu za maelfu ya dola nyingi zilikuwa maneno matupu. Chama cha Republican kilimlipa kumpigia kampeni mgombea wake Alf Landon, ambaye Novemba 1936 alipigwa na Franklin Roosevelt kipigo cha mbwa mwizi. Desemba 26 mwaka huo, Havana nchini Cuba, Owens alikimbizana na farasi aitwaye Julio McCaw, yeye akianza yadi 40 mbele. Alishinda, akalipwa dola 2,000. Waliona ni fedheha wengi, lakini dhahabu nne hazikuwa zinalipa kodi ya nyumba, na hakuna mwenye nyumba anayepokea medali.

Alifanya kazi ya kusimamia viwanja vya michezo ya watoto Cleveland. Akafungua biashara ya dobi wa kisasa mwaka 1938. Mwaka uliofuata akafilisika. Wakati huo alikuwa na binti watatu: Gloria, Beverly na Marlene.

Sasa fikiria uamuzi alioufanya mwaka 1940. Ana miaka 27, ana madeni, ana familia ya watu watano, jina lake linajulikana dunia nzima. Alirudi darasani. Akahamia tena Columbus na familia, akajiandikisha Ohio State amalizie shahada, na kocha Snyder akampa kazi ya kumsaidia mazoezini ili apate cha kulipia. Biashara ndogo ya dobi nayo aliendelea kuhangaika nayo pembeni.

Mwaka huo mama yake alifariki. Hesabu na masomo mengine aliyoyaacha yakamkalia vibaya. Aliendelea kwa zaidi ya mwaka mmoja, na Desemba 1941 akaondoka. Wastani wake ulikuwa juu kidogo ya 1 kwenye kipimo cha 4, chini ya kiwango cha kuhitimu. Hakurudi tena kama mwanafunzi.

Hii ndiyo sehemu ya maisha yake inayouma kuliko farasi wa Havana. Mara ya kwanza alikosa shahada kwa sababu alikuwa anakimbia, anafanya vibarua na kulea kwa wakati mmoja. Mara ya pili aliacha kukimbia, lakini vibarua na kulea vilibaki pale pale. Ukiondoa mbio, alikuwa sawa na maelfu ya wanafunzi wengine watu wazima ambao majina yao hayajulikani.

Kutoka hapo alikwenda Detroit, akafanya kazi kampuni ya magari ya Ford upande wa ajira, akishughulikia wafanyakazi weusi. Baadaye akahamia Chicago, akawa mtu wa matangazo na mzungumzaji wa kukodiwa kwenye hafla. Maisha yakakaa sawa, ingawa katikati ya miaka ya 1960 alijikuta mahakamani kwa kutowasilisha hesabu za kodi, akapigwa faini.

Mtoto anamaliza

Marlene, binti yake mdogo, alikwenda Ohio State, chuo kile kile ambacho baba yake hakupewa kitanda. Mwaka 1960 wanafunzi walimchagua malkia wa sherehe za chuo, wa kwanza mweusi kuchaguliwa pale. Wakati baba anaanza chuo mwaka 1933 asingeruhusiwa hata kulala ndani ya eneo ambalo bintiye alivishwa taji.

Mwaka 1972 Ohio State ilimpa Owens udaktari wa heshima. Alikuwa na miaka 58. Mwaka 1976 Rais Gerald Ford akamvisha nishani ya juu ya raia nchini humo.

Alivuta sigara miaka mingi. Machi 31, 1980 alifariki kwa saratani ya mapafu huko Tucson, Arizona, akiwa na miaka 66. Miezi minne baadaye, kwenye Olimpiki ya Moscow, Suleiman Nyambui aliitwalia Tanzania medali ya fedha ya mita 5,000. Nyambui alikuwa mkimbiaji wa Chuo Kikuu cha Texas pale El Paso. Wakenya nao walikuwa wameshaifungua njia hiyo: Mike Boit alisoma New Mexico, Henry Rono alikuwa Washington State alipovunja rekodi nne za dunia mwaka 1978. Kizazi chao kilikuta mlango uko wazi: miguu inalipa ada, chuo kinatoa bweni na chakula.

Familia ya Owens ilianzisha mfuko kwa jina lake ambao ulisomesha vijana kwa miaka mingi. Na mwaka 2001 Ohio State ilifungua uwanja uitwao Jesse Owens Memorial Stadium. Una njia za kukimbilia pembeni, lakini katikati kuna nyasi za soka, na timu za kandanda za chuo, wanaume na wanawake, zinachezea hapo. Wengi wa wachezaji hao wanasoma kwa udhamini wa michezo.